Mzigo Wako Umefika

Mzee Posta alistaafu mwezi wa tatu, na ulipofika mwezi wa tano mkewe alikuwa anatamani wamrudishe kazini hata bila mshahara.

Si kwamba alikuwa mume mbaya. Tatizo ni kwamba alikuwepo mno. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa anaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkoba wa barua begani, na kurudi jioni miguu ikiwaka moto, na nyumba ilishazoea hivyo. Sasa yuko asubuhi, yuko mchana, yuko jikoni. Wiki ya kwanza aliyapanga upya makopo ya chumvi, sukari na majani ya chai, akayabandika namba. Wiki ya pili akampimia mkewe njia fupi ya kutoka jikoni mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Wiki ya tatu mkewe akaweka ndoo chini, akamtazama.

"Baba watoto, huna hata rafiki mgonjwa ukamjulie hali?"

"Sina. Wote wazima."

"Basi nenda kwa hao wazima, uwasumbue mpaka waugue."

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Jumapili ya fainali. Siku hiyo mtaa mzima ulijibana kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, wanaume kwa wanawake, wenye timu na wasio na timu. Lilipoingia bao la kusawazisha watu walipiga kelele za kupasua mabati, na hata ndege ya abiria ingeweza kutua mtaani wakati ule bila mtu kusikia. Mpira ulipokwisha walitoka nje wakibishana, wakafika kwenye kiwanja kilicho mkabala na karakana ya kuchomelea vyuma, ubishi ukakatika.

Kile kiwanja kilikuwa kitupu tangu enzi. Ni cha halmashauri, lakini waliokitumia ni akina mama kuanika nguo, watoto kucheza, na fundi wa kuchomelea kukaushia mageti yake yaliyotoka kupakwa rangi. Sasa katikati yake palikuwa na rundo la takataka refu kumpita mtu mzima. Mifuko myeusi iliyopasuka matumbo, godoro lenye ramani ya nchi tatu, viti vya plastiki vilivyokatika miguu, makaratasi, nywele kwa mafungu, na harufu ya kukufanya ukumbuke madhambi yako. Juu kabisa, kama bendera, palikaa meno. Meno ya plasta, ya juu na ya chini, yakiucheka mtaa.

"Jamani," akasema fundi, "nani kasahau meno yake hapa?"

Watu wawili walijigusa midomo.

Fundi alitaka kuwasha moto palepale. Alikuwa mtu wa moto, kila tatizo kwake lilihitaji moto. Mke wa Posta ndiye aliyemzuia. "Uchome plastiki zote hizo, moshi uingie wapi? Nyumba yako ndiyo ya kwanza kwa upepo huu." Fundi akaangalia upepo, akarudisha kiberiti mfukoni.

Jumatatu mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mkutano hata akiomba maji ya kunywa, alikwenda halmashauri kumwona afisa mazingira. Alirudi saa nane mchana, akaketi kwenye benchi la karakana, akavua viatu kwanza.

"Afisa ni binti mdogo lakini ana akili," alisema. "Amesema gari la kuzoa wanaweza kulileta. Ila tukizoa bila kumjua aliyemwaga, wiki ijayo atamwaga tena, maana tutakuwa tumemfagilia. Akaniuliza, mna namba za gari? Nikasema hatuna. Mna picha? Hatuna. Mna shahidi? Nikasema mtaa mzima ulikuwa mpirani. Akaniuliza, sasa mama, mna nini?"

"Ukamjibu nini?" akauliza fundi.

"Nikamwambia tuna meno."

Posta hakucheka na wenzake. Alikuwa amesimama ukingoni mwa lile rundo, shingo ameinyoosha kama kuku aliyeona punje. Kutoka ndani ya mfuko mmoja uliopasuka ilichungulia bahasha. Akainama, akaivuta kwa vidole viwili, akaipangusa. Jina. Sanduku la barua. Jengo, ghorofa, namba ya chumba.

"Hizi si takataka," alisema polepole. "Hizi ni barua zilizopotea njia."

Mkewe alimkuta pale baada ya nusu saa, amezama mpaka magoti. Hakumkemea. Alikwenda ndani akaleta glavu zake za kuoshea vyoo na kitambaa cha kufungia pua, fundi akaongeza miwani yake ya kuchomelea. Posta alifanya kazi mpaka jua likaanza kulegea. Karatasi za kampuni kushoto, bahasha kulia, vyenye ncha na vyenye majimaji asiviguse. Mwenyekiti alimwekea mti wa kuchokorea na akampa sharti hilo kwa sauti iliyosikika mtaa wa pili. Mkewe, aliyekuwa anamtazama kupitia dirishani, aliona kitu ambacho hakukiona tangu mwezi wa tatu. Mzee alikuwa anapiga mluzi.

Jioni alikuwa na anwani kumi na moja.

"Safi kabisa!" fundi akapiga makofi. "Kesho tunakodi mkokoteni, tunawamwagia mlangoni. Kila mtu na uchafu wake. Huyo wa ghorofani tutapanda naye ngazi."

Watu wakashangilia. Mkokoteni ukaanza kutafutwa kwa simu.

"Ngoja kwanza," Posta akasema, akivua miwani. Ilimwachia maduara mawili meupe usoni, akafanana na bundi. "Tukiwamwagia mlangoni, sisi tutakuwa nani? Tutakuwa hao hao, ila wao wana gari na sisi tuna mkokoteni."

"Sasa unataka tuwapelekee maua?"

"Nataka waje wachukue wenyewe. Mimi kwa miaka yote hiyo, mzigo ukiwa mkubwa haubebwi mpaka mlangoni. Mwenyewe anapelekewa taarifa, anakuja na kitambulisho."

Usiku haukuingia kabla mwenyekiti hajapiga taarifa yenyewe chapa kwenye mashine ya ofisi ya mtaa, Posta akimsomea herufi kwa herufi. Ilisema hivi:

TAARIFA YA MZIGO. Ndugu mpokeaji, mzigo wako umefika. Unaombwa kufika wewe mwenyewe, ukiwa na kitambulisho, Jumamosi saa nne asubuhi, katika kiwanja kilicho mkabala na karakana ya kuchomelea vyuma. Mzigo usiochukuliwa utakabidhiwa kwa mamlaka husika.

"Hatudanganyi watu hapa?" mwenyekiti akauliza.

"Nionyeshe neno la uongo."

Mwenyekiti akasoma mara mbili, hakuliona, akagonga muhuri.

Kesho yake asubuhi Posta alirudi kiwanjani kuhakikisha hajaacha kitu. Ndipo alipofungua mfuko uliojaa nywele. Chini ya nywele palikuwa na chupa tupu za dawa, na chini ya chupa palikuwa na daftari la miadi lililolowa. Hakuhitaji kusoma jina la saluni. Alisoma herufi. Kila "g" ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja kama ndoano, na mkia ule aliufundisha yeye mwenyewe, mezani kwake, kwa mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amekalia matakia mawili ili aifikie karatasi.

Akaficha daftari nyuma ya mgongo.

"Nimeshaliona," mkewe akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya mgongo huohuo.

Walitazamana. Mama ndiye aliyeongea kwanza. "Anwani ni kumi na moja. Zitoshe."

"Ni kumi na mbili."

"Baba watoto! Utampelekea mwanao karatasi yenye muhuri?"

"Wale kumi na moja nao ni watoto wa watu."

"Na mimi Jumamosi nitasimama upande wa nani?"

Posta akafikiri kwa uaminifu. "Simama upande unakotoka upepo."

Mama hakuongea naye mpaka chakula cha mchana, na chakula chenyewe kilikuwa cha jana.

Alizigawa taarifa zote kwa siku mbili, kwa miguu, amevaa viatu vyake vya kazi alivyokuwa amevipaka rangi. Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya nne na lifti mbovu. Alipanda kwa furaha. Kwa daktari wa meno alisubiri kwenye foleni ya wagonjwa, akakataa kuondoka mpaka daktari atie saini kwa mkono wake, na kwa kuwa alikuwa ameshaketi kwenye kiti, akachunguzwa jino. Shule ya udereva alimpata mwalimu akimfokea mwanafunzi aliyepanda tuta la maua. Saluni aliiacha iwe ya mwisho.

Binti yake alikuwa na mteja chini ya mashine ya kukaushia na mwingine kichwa kiko nusu.

"Shikamoo baba! Umekuja kunyoa?"

"Marahaba. Saini hapa."

Binti akasaini akicheka, akasoma, uso ukang'aa. "Mzigo? Umetoka wapi?"

Posta alikuwa na kanuni moja tu kazini, haongelei kilichomo. "Umefika mtaani kwetu," alisema, akageuka, akagonga mlango wa kioo kwa paji la uso kwa haraka ya kutoka.

"Wamenifanyia jambo wazee wangu," binti akamwambia mteja. "Mwezi huu ni wa kuzaliwa kwangu. Angalia alivyoona haya."

Jumamosi saa nne kasoro, Posta alikuwa ameketi nyuma ya meza kiwanjani, daftari mbele yake, kalamu mbili, na lile rundo nyuma yake. Fundi alikuwa amelifunika turubai, maana alisema zawadi haitolewi wazi. Walitokea kumi kati ya kumi na wawili. Wengi walivaa vizuri. Dada mmoja aliyekuwa na mchumba ughaibuni alikuja na marafiki wawili wa kumsaidia kubeba. Wakili alikuja na suti, na tai, na haraka.

"Mzigo wangu uko wapi? Nina kesi saa sita."

"Kitambulisho."

Akatoa. Posta akakisoma mbele na nyuma, akamtazama usoni, akalinganisha. "Saini hapa. Na hapa. Asante. Fundi, mpe mzee mzigo wake."

Fundi akavuta turubai.

Nzi waliruka, kisha wakatua tena palepale. Halafu upepo ukageuka, na wote wakarudi nyuma hatua mbili kwa pamoja, kama wamefundishwa.

"Hii ni nini?" wakili akauliza akiwa ameziba pua.

"Yako ni ile mifuko minne ya kushoto," Posta akasema. "Tumeiweka pamoja isichanganyike."

"Huu ni udhalilishaji! Nitawashtaki wote! Mmepekua nyaraka za siri za wateja wangu!"

"Za siri?" mwenyekiti akasimama, na aliposimama yeye hata wakili alipunguza sauti. "Siri zako tulizikuta zinapeperuka, mheshimiwa. Watoto wa hapa wametengenezea ndege. Ile unayoiona imenasa juu ya paa la karakana ni talaka ya mtu."

Wakili akatazama juu. Jasho likamtoka kwenye tai. Akavua koti bila kuambiwa, akauliza kama kuna ngazi.

Daktari wa meno, kwa upande wake, alilishika lile umbo la plasta kama mtu aliyekutana na ndugu. "Huyu namfahamu. Gego la chini lilinitesa siku mbili." Halafu akakumbuka alipo, akaona haya. Alieleza kwamba sindano na vitu vya damu huvipeleka hospitali kuchomwa, ana karatasi zake. Hizi za kawaida alimlipa mtu amtupie. Hata mimi nililipa, akasema mwalimu wa udereva. Na mimi. Na mimi! Ghafla wote wakawa wanaongea kwa mpigo.

"Kijana mmoja mchangamfu..."

"Ana pikapu ya bluu..."

"Wanamwita Mbali!"

"Huyohuyo! Nilimuuliza unapeleka wapi, akaniambia mbali."

"Mimi nilimkazania, nikamwambia mbali wapi? Akaniambia, mbali kabisa, mama, usiwe na wasiwasi."

Mke wa Posta, aliyekuwa amesimama upande unakotoka upepo, akafungua mikono yote miwili. "Basi karibuni mbali."

Ni wakati huo ndipo binti alipofika. Alikuwa amesuka upya, amevaa gauni la njano, na amekuja na kikapu kikubwa kitupu cha kubebea zawadi. Aliona umati, akaona meza, akaona baba. Halafu akaona mfuko wake, umewekwa peke yake pembeni, nywele zikichungulia.

Posta alisoma kwenye daftari bila kuinua macho. "Kitambulisho."

"Baba."

"Kila mtu ametoa."

"Ungenipigia simu!"

"Wengine sikuwapigia."

"Wengine si wanao!"

Wakili, aliyekuwa nusu ya ngazi, alibaki huko huko. Binti akaanza kulia kwa hasira, na kwa vile alikuwa hapendi watu wamwone akilia, alilia huku akifungua pochi kutafuta kitambulisho, akatoa kitana, akatoa funguo, akatoa kitana kingine, hatimaye akakibamiza mezani.

"Haya! Ni mimi! Nililipa mtu, nikafunga mlango, nikasahau. Sikuuliza. Unafurahi?"

Posta hakuonekana kufurahi. Alikuwa amekishika kile kitambulisho kama kitu cha moto, na kalamu haikuandika. Mkewe ndiye aliyeongea, kwa sauti ya chini iliyokuwa na nguvu kuliko ya mwenyekiti.

"Mzee, umemwita mwanao hadharani kama mwizi wa kuku. Na wewe binti, nguo za wadogo zako zilikauka kwenye kiwanja hiki, na zako. Wote wawili mmekosea. Sasa mtabaki mnatazamana, au kuna mwenye namba ya simu ya huyo Mbali?"

Binti akapangusa uso kwa kiganja. Akatoa simu, akabonyeza, akaweka sauti kubwa. Alipoongea, sauti ya kilio ilikuwa imepotea yote. Ilikuwa sauti ya kumbembeleza mteja arudi wiki ijayo.

"Kaka Mbali! Hujambo kaka yangu? Nina mzigo mwingine. Mkubwa. Jumanne utaweza?"

"Kwako dada siwezi kukataa!" simu ikajibu. "Jumanne saa sita nipo hapo."

"Lakini usiutupe karibu, kaka. Naogopa watu."

"Dada yangu! Mimi? Napeleka mbali!"

Wageni na wenyeji wao walikuwa wamejiziba midomo, na mwenyekiti alikuwa anauma shati lake.

Jumanne afisa mazingira alikuja mwenyewe, na fomu zake, na viatu vya kufaa. Alisema hamna uhakika kwamba Mbali atarudi kiwanja kilekile, lakini akasema watu wa namna hii huwa hawapendi kujifunza njia mpya. Wakajificha ndani ya karakana, watu kumi na watano nyuma ya geti moja la chuma lililokuwa linasubiri mteja. Binti alikuwa amemkabidhi Mbali mifuko kule saluni, akawahi kwa bodaboda. Mwalimu wa udereva naye alikuwepo. Alisema ni kwa ajili ya haki, ingawa ilionekana wazi hakupenda kukosa. Mwenyekiti alipewa kazi ya kupiga picha. Alijaribu mara tatu, na mara zote tatu alipata kidole gumba chake, kimetoka vizuri sana. Binti akamnyang'anya simu kwa heshima.

Saa saba na dakika kumi, jua likiwa la utosi na njia tupu, pikapu ya bluu ikakata kona. Ilipita kiwanja, ikasimama, ikaanza kurudi nyuma. Ilirudi vibaya. Gurudumu moja likapanda jiwe, likateremka, mkia ukaelekea kwenye ukuta wa jirani. Nyuma ya geti, mwalimu wa udereva alikuwa anatetemeka kama mtu mwenye homa.

"Asigonge," alinong'ona. "Mungu wangu, anakata upande siyo. Kulia. Kata kulia! KULIA!"

"Asante mzee!" dereva akajibu akiwa dirishani, akakata kulia, akaingia sawasawa.

Akashuka akiimba. Kijana mwembamba, shati safi, tabasamu usoni. Akafungua nyuma, akavuta mfuko wa kwanza, akautupa. Binti akapiga picha. Mfuko wa pili, picha. Mfuko wa tatu ulipokuwa hewani, Posta alitoka, akavuka njia kwa mwendo wake wa miaka yote, akasimama mbele yake na karatasi.

"Una mzigo wako," alisema. "Saini hapa."

Mbali alimtazama, akatazama mfuko uliokuwa umetua, akatazama watu waliokuwa wanatoka nyuma ya geti mmoja mmoja bila kwisha. Aliwatambua wateja wake. Akawasalimia.

"Mimi nilikuwa napita tu," alisema. "Gari limezidiwa, nikasema nipunguze kidogo lipumue."

Akaruka ndani, akawasha. Lakini fundi na wenzake walikuwa wameshalibeba lile geti na kulisimamisha katikati ya njia ya kutokea, na fundi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, alikuwa amelifunga na kufuli.

"Geti zuri?" akauliza.

"Zuri," Mbali akakubali.

Afisa akafungua fomu. "Una kibali cha kubeba taka?"

"Kibali ninacho."

"Kiko wapi?"

Alijaribu kuzuia, ikamtoka yenyewe. "Kiko mbali."

Hata yeye alicheka, akiwa ameweka kichwa kwenye usukani.

Mahakamani hakukana. Alitozwa faini, akaamriwa kulihamisha rundo lote mpaka kwenye dampo la halmashauri, kwa pikapu yake na mafuta yake. Wale kumi nao afisa aliwaita, akawaandikia onyo: taka ni yako mpaka ifike panapostahili, na ukimpa mtu asiye na kibali hujaitupa, umeificha. Wakili alitaka kupinga kipengele kimoja, akakumbuka ile ndege, akaacha. Siku ya kuzoa walikuja wote na glavu. Ilichukua safari saba, kwa siku mbili. Safari ya tano pikapu ilikwama, ikasukumwa na daktari, wakili na mtu aliyeachwa katika ile talaka, aliyekuwa amefuatilia karatasi yake na kuamua kusaidia. Godoro halikuwa na anwani. Kila aliyeulizwa aliapa si lake, na wawili waliapa haraka mno.

Wakati wa mapumziko mke wa Posta alimpa Mbali maji ya kunywa, naye akakaa chini kwenye kivuli cha gari.

"Mama, dampo ni mwendo wa saa nzima," alisema. "Na kibali sikujua hata dirisha gani wanatoa. Niliona watu wanataka tu uchafu uondoke machoni. Hawaulizi." Akanywa. "Hata kwetu wanatumwagia. Nyuma ya nyumba ya mama yangu. Wana lori kubwa, huwa linakuja Alhamisi. Mama anafunga madirisha mchana kutwa."

"Na wewe ukajisikiaje?"

Mbali alizungusha kikombe. "Nilijisikia kwamba wao wana lori na mimi nina pikapu."

Afisa, aliyekuwa anasikiliza, akamwandikia namba ya dirisha la vibali kwenye kipande cha karatasi. Posta naye alivuta benchi karibu. "Hilo lori," alisema. "Makaratasi yapo ndani yake?"

Kiwanja kilibaki na doa jeusi kwa muda. Walipanga mawe makubwa upande wa barabara ili gari lisiingie, na fundi akaweka kizuizi cha chuma kinachoinuliwa, ili mageti yake yapite. Mwenyekiti alitaka bustani, vijana wakataka goli, akina mama wakataka kamba zao. Waliitisha mikutano mitatu. Wa tatu ulivunjika kwa mvua na kamba zikashinda, maana zilishafungwa kabla ya mkutano wa kwanza. Mtu mmoja, hajajulikana mpaka leo, bado huacha kimfuko kimoja cha maganda kwenye jiwe la kwanza kila Ijumaa. Wanamvizia kwa zamu.

Binti hakupiga simu wiki mbili. Mama alienda saluni mara tatu, akasukwa mara tatu, akarudi na habari za kila mtu isipokuwa za binti. Jumapili ya tatu mlango ukafunguliwa bila hodi. Binti akaketi mezani mkabala na baba yake, akatoa karatasi.

"Tuko saluni sita barabara yetu," alisema, macho kwenye karatasi. "Tumekubaliana tumtafute mzoaji mmoja mwenye kibali, tulipe pamoja. Nataka kuandikia halmashauri. Uangalie kama barua imekaa sawa."

Posta akavaa miwani. Akasoma. Mistari yote ilikuwa na mikia mirefu.

"Hapa ungeweka mkato," alisema.

"Hapana, hapo ni nukta."

"Ukiweka nukta sentensi inakufa katikati."

"Baba, ni barua yangu."

"Ni yako." Akaipangusa karatasi ambayo haikuwa na vumbi. "Ningekupigia simu. Siku ile. Nilikaa na simu mkononi nje ya saluni kabla ya kuingia, halafu nikaingia na kalamu."

Binti akaivuta karatasi upande wake, akachukua kalamu.

"Mkato," alisema, akauweka. "Lakini ule mstari wa juu haubadiliki."